Jinsi ya kutembea Kisumu ya zamani kwa miguu, kutoka reli mpaka Dunga

Wengi wakija Kisumu wanashukia steji, wanapanda tuktuk mpaka mol, jioni samaki, kesho yake Nairobi. Halafu wanarudi wakisema ati Kisumu ni ndogo, hakuna kitu ya kuona. Vitu viko, ni vile wanaingia mji kwa mlango wa nyuma. Kisumu ilianzia majini, kwa Ziwa Victoria. Mizigo ilikuja na reli ikapakiwa meli, na ingine ikatoka meli ikapandishwa mpaka kwa maduka, so ukitaka mji ueleweke fuata njia ya mizigo: anza chini kwa stesheni na bandari, panda Oginga Odinga Street kwa maduka, pitia msikiti na soko, na jua likipungua ndio urudi ziwani upande wa Dunga, ufuo wa wavuvi. Ukianzia katikati ya mji utaona tu majengo ya zamani yamechoka na hutajua yalikuwa yanangoja nini.

Kwa haraka haraka kuhusu kujipanga. Ni matembezi ya siku moja, na sehemu ya mjini yenyewe si ndefu, hata mtu wa miaka sitini anaimaliza bila shida kama hajaharakishwa. Shida ni jua. Kisumu iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari lakini ukifika saa sita hutaamini, ni joto la kukausha koo. Toka saa moja na nusu asubuhi, ukae kivulini kuanzia saa sita mpaka saa tisa, halafu uendelee. Viatu vya kufunga, si ndara, kofia, chupa ya maji. Beba kitambulisho. Weka pesa kidogo taslimu za soko na tuktuk, zingine ziwe kwa simu, na hiyo simu usiishike ovyo ukisimama kando ya barabara manake kuna vijana wa pikipiki ambao kazi yao ni kukupunguzia mzigo. Miezi ya Machi mpaka Mei beba mwavuli, mvua ya huku inapenda kuja alasiri na radi zake, inapiga sana halafu inaisha kama haijatokea.

Salimia watu. Hii naiweka hapa juu makusudi. Mzee ukimkuta mwite jaduong', mwanamke mkubwa mwite mama, asubuhi sema oyawore, ukisaidiwa sema erokamano, na baada ya hapo endelea na Kiswahili chako tu, hakuna mtu atakutafuna. Kisumu watu wanapenda kuongea na wanapenda kuonyesha mtu njia, tena si kwa mkono tu, mwingine atakusindikiza mpaka kona. Ndio maana sitakupa kushoto na kulia nyingi hapa. Uliza.

Stesheni na bandari

Anza kwa stesheni ya reli. Siku ambayo treni haipo kutakuwa kimya na askari wa mlangoni atakuuliza unataka nini, mwambie ukweli kwamba unaangalia historia, umuombe ruhusa, na akikataa usibishane, simama tu nje uangalie. Kinachohitajika hapa ni kuelewa umesimama wapi, na hiyo hailipiwi.

Umesimama mwisho wa reli. Kazi ilianza Mombasa 1896, ikapita Tsavo na simba wake, Nairobi ikiwa bado ni tope, ikashuka Bonde la Ufa ikapanda tena upande wa Mau, na Desemba 1901 chuma ikagusa ziwa hapa. Kituo kikaitwa Port Florence. Wengi husema ni kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyekuwa anasimamia utandikaji wa reli, na kwamba yeye ndiye alipigilia msumari wa mwisho. Sasa ile kitu wengi hawajui: siku hiyo treni inafika, hapa palikuwa Uganda. Ndiyo. Upande huu wote wa ziwa ulihesabiwa mkoa wa mashariki wa Uganda mpaka 1902 Waingereza walipousogeza mpaka na kuutia kwa upande wa Kenya. So jina Reli ya Uganda halikuwa uongo, ilianzia pwani ikaishia Uganda, ni Uganda ndiyo ilihamishwa.

Na meli ilitangulia treni. Hii mimi huiona tamu kuliko hiyo ya msumari. Meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon ilitengenezwa Uingereza ikiwa vipandevipande, ikaletwa Mombasa, na kwa kuwa reli ilikuwa haijafika vipande vingine vilibebwa na wapagazi kichwani na mabegani mpaka huku, vikaunganishwa hapa Kisumu, ikashushwa majini 1900. Treni ilipokuja kukawa na meli zingine, Winifred 1902 na nyingine baada yake, zikipeleka mizigo na watu mpaka bandari za Uganda na upande wa Tanzania ya sasa. Fikiria pamba na ngozi na kahawa zinatoka upande ule wa maji, zinapakuliwa hapa, zinapanda behewa kwenda Mombasa, na zinarudi vitambaa, chumvi, mafuta taa, majembe. Mji wote uliobaki utakaoona leo ulijengwa na watu waliokuwa katikati ya hiyo shughuli.

Kilichofanya palale ni vitu viwili. Kwanza 1931 reli ilifika Kampala kwa kupitia Eldoret, mzigo wa Uganda ukaanza kupita mbali bila kugusa maji ya Kisumu. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na meli na reli zilikuwa mali ya pamoja, basi kila nchi ikavuta yake. Wazee wa hapa wakikuambia bandari ilikuwa na kelele na miaka mingine ilikuwa na ng'ombe wanalisha kwa reli, sikiliza, hawatii chumvi sana. Kuanzia 2019 kumekuwa na mwamko, bandari ikakarabatiwa, MV Uhuru ile ya miaka ya sitini ambayo mabehewa yanaingia ndani yake moja kwa moja ikafufuliwa, na MV Uhuru II ikajengwa papa hapa Kisumu. Ukibahatika kuona behewa la mafuta likiingizwa kwa meli simama uangalie mpaka mwisho. Lakini usipige picha. Bandari ni eneo la ulinzi, na kuelezea askari kwamba wewe ni mtalii wa ndani kunaweza kukulia asubuhi yote.

Kabla hujapanda juu angalia jinsi ukuta, reli na maghala yamekaa katikati ya mji na maji. Huu ni mji wa ziwani ambao unaweza kutembea saa nzima ndani yake bila kuona ziwa. Ardhi ya ukingoni ilikuwa ya reli tangu mwanzo, watu wakapewa mgongo wa kilima. Ukitaka kuthibitisha, ukifika juu tafuta jengo la ghorofa kadhaa lenye mkahawa juu, agiza chai, kaa upande wa dirisha. Utaona kila kitu kwa mpangilio: maduka, halafu reli, halafu bandari, halafu maji, na hakuna mahali mtu wa kawaida ameachiwa pengo. Hilo dirisha lina faida kuliko ramani yoyote.

Oginga Odinga Street, tembea ukiangalia juu

Hii ndiyo barabara kuu ya zamani, na kosa la watu ni kuangalia maduka ya chini. Chini ni simu, viatu, benki, kemisti, sawa na miji yote. Inua macho. Orofa ya juu bado ina roshani, madirisha ya mbao, nguzo zilizoshika paa la veranda ili mteja asinyeshewe, na kwa majengo mengine kule juu kabisa kwa kichwa cha ukuta kumeandikwa jina ama mwaka. Familia ilikaa juu, duka likawa chini, stoo nyuma. Ukipata kichochoro kimefunguliwa chungulia uani, na kama kuna mtu muombe kwanza.

Barabara yenyewe ilitengenezwa upya miaka ya karibuni, njia za watembea kwa miguu zikapanuliwa, wachuuzi wakaondolewa, mji ukajipamba kwa ajili ya mkutano wa Africities wa Mei 2022. Kutembea kumekuwa rahisi sana, huo ni ukweli, hata mama na kiti cha mtoto anapita. Ila mimi nilipenda pia vile ilikuwa na mahindi ya kuchoma na mtu wa magazeti kila hatua kumi. Mji msafi na mji wenye mdomo ni vitu viwili, na Kisumu ilikuwa na mdomo.

Tafuta mnara wa saa. Ni mdogo, unaweza kuupita kama unaongea kwa simu. Simama usome maandishi yake, usiridhike na picha. Ulizinduliwa tarehe 19 Agosti 1938 na gavana wa wakati huo, Robert Brooke-Popham, na ulijengwa na wana wa mfanyabiashara mmoja, Kassim Lakha, kumkumbuka baba yao. Maandishi yanasema alifika Afrika Mashariki 1871 akafariki Kampala 1910. Sasa piga hesabu. 1871 ni miaka thelathini kabla ya treni kufika hapa. Watu wengi, hata watu wa kufundisha watoto, wanasema Wahindi wa Kenya ni wale waliojenga reli wakabaki kufungua maduka. Reli ilileta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India, karibu 2,500 walikufa kazini, wengi waliobaki hai walirudi kwao, na kama 6,700 tu ndio walibaki. Wenye maduka wengi walikuja kivyao kwa majahazi, wakifuata biashara, wengine kabla reli haijaota. Allidina Visram ni wa hivyo, alikuwa na maduka kuanzia pwani mpaka Uganda na Kisumu alikuwa nayo pia. Kwa hiyo jibu la huo ubishi limeandikwa kwa jiwe katikati ya mji na watu wanaliegemea wakingoja tuktuk.

Na jina la barabara lenyewe ulipime na hayo majengo. Jaramogi Oginga Odinga kabla ya siasa kubwa, kabla ya kuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya 1964, aliacha ualimu na 1947 akawa anaongoza kampuni ya Luo Thrift and Trading, watu wachange hisa, Waafrika nao wawe na majengo na biashara, manake ndani ya mji kwenye laini kama hizi Mwafrika alikuwa mbebaji ama mteja, mwenye duka hapana. Leo mtaa wa maduka ya Wahindi una jina lake. Usome hivyo ukipita, si kibao tu.

Ukiwa na muda ingia mitaa ya pembeni ambako kuna mahekalu ya Wahindu, gurdwara, hekalu la Masingasinga, na jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Ya nje unaangalia bure, ya ndani unaomba. Gurdwara huwa wakarimu sana kwa mgeni, utavua viatu, utafunika kichwa, na usishangae ukipewa chai.

Msikiti, halafu soko

Jamia iko Otieno Oyoo Street, huwezi kuikosa, kijani na nyeupe, ya 1919. Kama si Mwislamu na unataka kuona ndani, nenda katikati ya asubuhi wakati si wa sala, vaa nguo ya heshima, mama awe na mtandio, na muulize mtu aliye mlangoni kwa salamu kamili, si "naweza kuingia?" tu mdomoni. Ijumaa mchana usijaribu, patakuwa pamejaa mpaka nje na unazuia watu njia. Karibu na hapo tafuta kihoteli cha chai ya tangawizi. Hapa ndipo wengi hupumzika miguu, na ni mahali pazuri pa kusikiliza Kiswahili cha Kisumu, ambacho kimechanganywa Kiluo, Kihindi kidogo na Sheng, mtu anaanza sentensi kwa lugha moja anaimalizia kwa ingine na hakuna anayepotea.

Kutoka hapo nenda Jubilee Market. Kama unajiuliza kama kuna haja ya kwenda sokoni kwa matembezi ya historia, haja ipo, manake hapa ndipo ziwa linaingia mjini siku hizi, kwa ndoo na magunia. Nenda moja kwa moja kwa kina mama wa samaki mkavu. Utakuta obambla, yaani ngege (tilapia) aliyepasuliwa akakaushwa juani, na marundo ya omena, dagaa wa ziwani, yanapimwa kwa gorogoro. Kununua omena kuna akili yake. Chota kiganjani, siyo uangalie juu ya rundo. Ile ya kung'aa rangi ya fedha, kavu mpaka ikishikwa inalia, ilikaushwa vizuri, mara nyingi kwa nyavu. Ile yenye rangi ya kahawia na vipande vilivyokatika ni ya zamani ama ilinyeshewa. Halafu weka moja mdomoni utafune mbele. Ukisikia changarawe, hiyo ilianikwa chini kwa mchanga na utaiosha mara sita nyumbani na bado itakukwaruza meno. Mama anayeuza hatakasirika ukionja, atakasirika ukionja halafu uondoke kimya, so mwambie tu, mama hii ina mchanga, na yeye atacheka akutolee ile ya chini ya meza.

Ukiona mifupa mikubwa ya samaki imekaangwa, kichwa na uti wa mgongo na nyama kidogo imeshikilia, hiyo inaitwa mgongo wazi. Viwanda vinakata minofu ya mbuta (sangara) inapelekwa ng'ambo, kinachobaki kinanunuliwa na watu wa mitaani hasa Obunga, kinakaangwa, kinauzwa. Mchuzi wake ni mtamu, siwezi kudanganya. Lakini ukiwa unafuata njia ya mizigo kama nilivyosema, hiyo ndiyo sura yake ya leo: nyama imepanda ndege, mgongo umebaki na sisi.

Kama siku yako ni Jumapili, acha Jubilee nenda Kibuye, ile soko kubwa ya wazi juu kidogo ya Jomo Kenyatta Highway. Ni kubwa na ni mitumba mpaka macho yaume. Siku zingine haina maana kuipandia mlima na hilo jua.

Saa sita mpaka saa tisa

Kula kitu chepesi, samaki weka ya jioni. Nyoyo (mahindi na maharagwe) na chai zinatosha, ama chapati na ndengu. Halafu chukua tuktuk ama tembea polepole mpaka Kisumu Museum, kwa barabara ya kwenda Nairobi. Ilifunguliwa 1980, ina miti mikubwa, na kivuli peke yake kinalipa kiingilio. Malipo ya sehemu za serikali siku hizi yanapitia eCitizen, kwa hiyo fungua akaunti yako ukiwa nyumbani, usianze kutafuta neno la siri getini watu wakiwa kwa foleni nyuma yako.

Ndani usipoteze muda mwingi kwa nyoka, ingawa watoto watakuvuta huko. Enda kwa Ber-gi-dala, boma la Mluo limejengwa saizi yake kamili. Simama langoni kwanza, kabla ya kuingia nyumba yoyote, usome mpangilio. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, imekabili lango. Ya nyachira, mke wa pili, na ya reru, wa tatu, zimekaa pembeni zake. Simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, iko karibu na lango, manake kijana ndiye analinda na ndiye atatoka kwenda kujenga kwake. Kila mtu aliyezaliwa anajua nafasi yake kwa kuangalia mlango uko wapi. Ukitoka hapo ukikumbuka mji ulioutembea asubuhi, ambapo laini moja ilikuwa ya Wahindi, kilima cha Milimani cha Wazungu na Mwafrika akaambiwa alale nje ya mji, utaona hapa pia kuna watu walipanga nani akae wapi, ila kwa boma angalau kila mmoja alikuwa na nyumba ndani.

Kitu kingine cha kukusaidia na tuktuk: ukisikia kondakta anaita "Russia, Russia", hakuna mtu anakupeleka Moscow. Ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Siku ya kufunguliwa, 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta na Jaramogi walirushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa na watoto wakiwemo. Jaramogi akawekwa kizuizini. Kenyatta hakurudi tena Kisumu mpaka kufa kwake 1978. Si lazima uende huko kwa matembezi haya, ni hospitali watu wako na wagonjwa wao, lakini ukikaa na jaduong' yeyote wa umri akaanza kusema "sitini na tisa", ujue anaongea kuhusu hiyo siku, na umwache amalize.

Kurudi majini

Saa tisa na nusu hivi ndio uelekee Milimani kwa miguu kama nguvu ipo, ama tuktuk. Milimani ni nyumba kubwa, miti, barabara tulivu, haina mengi ya kukusimamisha. Ukiwa na watoto ingia Impala Sanctuary, eneo dogo la ukingoni lililotengwa 1992 kuwalinda swala pala waliokuwa wamebaki hapa, na kuna nzohe pia, yule swala wa kwenye matope ambaye huwezi kumwona mahali pengi Kenya. Kama huna watoto na umeshaona wanyama wa mbugani, pitia nje tu, uende Hippo Point uangalie maji, halafu Dunga.

Usiingie maji. Najua yanavutia. Kichocho kipo kwenye ziwa hili, hasa kwa maji ya kimya yenye majani, na kiboko anaonekana mvivu mpaka siku akiamua. Jioni viboko wanatoka kula nyasi, kwa hiyo hii njia ya ukingoni kati ya Hippo Point na Dunga usitembee kwa miguu giza likiingia hata kama wenyeji wanapita. Utaona pia magugu maji, wakati mwingine yamejaa ghuba mpaka unafikiri ni shamba, kesho yake upepo umeyasukuma upande mwingine maji yako wazi. Yaliingia ziwa hili mwishoni mwa miaka ya themanini na tangu hapo ni kukimbizana nayo. Na ukiona miti mikavu imesimama ndani ya maji ama msingi wa kibanda umezama, hiyo ni 2020, ziwa lilipanda mpaka likafikia kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia na hakuna aliyewaamini.

Dunga ni ufuo wa wavuvi wenyewe, na mafunjo yake makubwa pembeni. Kama unapenda ndege uliza kijana wa pale anayejua, kuna mmoja wa hayo mafunjo, mweusi mgongoni, kifua chekundu kabisa na utosi wa manjano, watu hutoka nchi za mbali kumtafuta na hapa yuko nyuma ya jiko la samaki. Boti ukitaka, patana bei ya boti nzima si ya kichwa, uliza itachukua muda gani, na usipopewa jaketi la kuelea usipande, hata wakikucheka. Ukiona wingu limekuwa jeusi upande wa ziwa na upepo umegeuka ghafla, acha boti, hiyo si siku yako.

Sasa samaki. Nenda mwenyewe uchague kabla hajagusa mafuta. Macho yawe wazi na angavu, fungua shavu uone wekundu, bonyeza ubavu na kidole, nyama irudi. Uliza ametoka wapi: ziwa, vizimba vya kufugia, ama ni wa katoni wa kutoka China, na usione haya kuuliza, wauzaji wenyewe wanajua tofauti. Ukiona wote wamelingana urefu kama wamekatwa na rula, ujue hao hawakuvuliwa kwa wavu. Na hata huyo wa ziwa, mara nyingi ni sato aliyeletwa na Wazungu miaka ya hamsini, karibu na wakati mmoja na mbuta. Ngege wa asili wa babu zetu amebaki wachache sana ila jina limerithiwa. Patana bei ukitaja kila kitu, samaki, ugali, mboga, manake bei ya samaki peke yake huwa na watoto wanaozaliwa baadaye. Mwambie mama akate mistari ubavuni mafuta yaingie, akaange mpaka mfupa ulainike, halafu kama unapenda mchuzi amuweke kwa nyanya na kitunguu dakika chache tu asilegee. Osuga (mboga ya mnavu) iliyochemshwa na maziwa kando. Kula na mkono, anza na nyama ya shavu, mkia uache mwisho, na kichwa mpe mkubwa wa meza kama mko na mkubwa.

Watakuambia pia Lwang'ni. Lwang'ni ya zamani ya karibu na bandari, ile ya moshi na samaki na magari yakioshwa majini, vibanda vyake vilibomolewa wakati bandari inafufuliwa, kwa hiyo mtu akikutajia muulize anamaanisha ya wapi siku hizi kabla hujalipa tuktuk.

Jua hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na usafiri wa kutoka Dunga unapungua haraka baada ya hapo. Cha kufanya ni kuchukua namba ya mwenye tuktuk aliyekuleta, mkubaliane saa na bei ya kurudi mkiwa bado mchana, na umpigie mama akiwa anatoa samaki kwa moto, si ukishamaliza kula. Kama unasafiri usiku huo kwenda Nakuru ama Nairobi, tiketi kata asubuhi kabla hujaanza kutembea, hasa Ijumaa na Jumapili, na mwambie wa tuktuk akupeleke steji moja kwa moja bila kupitia mjini.